Kufundisha Uchunguzi wa Hati za Kale: Mfano wa Nasaba za Ayalandi

Utangulizi

Mwalimu wa historia anapowaambia wanafunzi wake kwamba jambo fulani lilitokea mwaka fulani, aghalabu humwamini. Huliandika daftarini, hulikariri, na siku ya mtihani hulirudisha kama walivyolipokea. Ni nadra mwanafunzi kuinua mkono na kuuliza: "Tumejuaje?" Hata hivyo swali hilo ndilo msingi wa elimu ya historia, na mwalimu asiyeweza kulijibu hana budi kuwafundisha wanafunzi wake kukariri tu.

Makala haya yanakusudia kumpa mwalimu njia moja ya kulijibu swali hilo darasani kwa vitendo. Njia yenyewe ni kufuatilia nasaba ya mtu wa kawaida, mkulima au fundi asiye na cheo, kwa kutumia hati zilizoandikwa kwa madhumuni mengine kabisa: vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia, na vitabu vya kodi na uthamini wa ardhi. Mfano uliochaguliwa ni wa nchi ya Ayalandi, na sababu za kuuchagua ni tatu.

Kwanza, sehemu kubwa ya hati za nchi hiyo iliteketea, kwa hiyo mtafutaji hawezi kufungua kitabu kimoja akapata jibu, hulazimika kufikiri. Pili, nyingi kati ya hati zilizosalia zimewekwa katika intaneti na husomwa bila malipo, hivyo mwalimu aweza kuchapa kurasa chache na kuzigawa darasani. Tatu, ni nchi ya mbali. Mwalimu akianza kwa kumtaka kila mtoto alete nasaba ya kwao, wapo watakaoona fahari na wapo watakaoinamisha vichwa: yatima, aliyelelewa na bibi, asiyemjua baba yake. Mfano wa mbali humfundisha mtoto mbinu bila kumvunjia heshima.

Moto wa mwaka 1922

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ayalandi ilikuwa na madaftari mengi, lakini madaftari yenyewe yakapotea. Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la hifadhi ya nyaraka lililokuwa katika eneo la Four Courts mjini Dublin lililipuka na kuungua. Humo mlikuwamo hati za karne nyingi: wosia, kumbukumbu za mahakama, vitabu vingi vya parokia za Kanisa la Kianglikana, na karatasi za sensa za miaka ya 1821, 1831, 1841 na 1851. Vipande vichache tu vya sensa hizo vilisalia.

Mwalimu asiwaachie wanafunzi wadhani kwamba moto huo ndio uliomaliza kila kitu. Karatasi za sensa za mwaka 1861 na 1871 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa kwa amri ya serikali baada ya takwimu zake kukusanywa. Zile za mwaka 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, karatasi ilipokuwa adimu. Hivyo basi, kwa karne nzima ya 19, hakuna hata sensa moja ya nchi hiyo iliyosalia kamili. Sensa za kwanza zilizo kamili ni za mwaka 1901 na 1911. Hapa mwalimu aweza kuuliza darasa: kati ya risasi na karani wa ofisi, ni yupi aliyeharibu zaidi? Wanafunzi watagundua kwamba kumbukumbu za taifa hupotea pia kwa uamuzi wa mtu aliyeketi mezani, asiyeona faida ya karatasi za zamani.

Kuanzia kwa aliye karibu

Kanuni ya kwanza ya kutafuta nasaba ni kutoka kwa anayejulikana kwenda kwa asiyejulikana. Mwanafunzi asianze na mtu wa kale mwenye jina linalofanana na lake akamvuta hadi kwake. Aanze na aliye hai, kisha mzazi, kisha babu, na kila ngazi aithibitishe kwa hati kabla ya kupanda nyingine.

Mfano mzuri wa kanuni hii, ambao wasomaji wa Afrika Mashariki wataupokea kwa hamu, ni wa Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 2009 hadi 2017. Kwa upande wa baba yake, Mjaluo wa Kenya, nasaba ilihifadhiwa vinywani mwa wazee. Kwa upande wa mama yake ilibidi kuitafuta vitabuni. Watafiti walianza na mama, Ann Dunham. Wakaenda kwa baba wa mama, Stanley Dunham. Kisha kwa baba yake huyo, Ralph Dunham. Kisha kwa mama wa Ralph, Mary Ann Kearney. Na mwisho kwa baba wa Mary Ann, Falmouth Kearney, kijana aliyehama Ayalandi mwaka 1850 akafika Marekani. Hadi hapo hati zote zilikuwa za Kimarekani.

Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi: Ayalandi ipi? Kusema mtu ametoka Ayalandi ni sawa na kusema ametoka baharini. Hatimaye, mwaka 2007, utafiti ulielekea katika kijiji cha Moneygall, na kumbukumbu za parokia ya Kianglikana ya Templeharry zikaonyesha familia ya Kearney, ambayo baba yake, Joseph, alikuwa fundi viatu. Obama mwenyewe alizuru kijiji hicho mwezi Mei 2011. Mwalimu awakumbushe wanafunzi kwamba vitabu vingi vya kanisa hilo viliungua Dublin. Kilichookoa habari hii ni kwamba kumbukumbu za mahali zilibaki mahali pake.

Vitabu vya parokia

Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo vya watu wote tarehe 1 Januari 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilikuwa zimeanza kuandikishwa mwaka 1845. Anayetafuta mtu aliyezaliwa kabla ya hapo hana budi kugeukia kanisa.

Wakatoliki walikuwa wengi wa wananchi, lakini kanisa lao halikuwa kanisa la dola. Vitabu vyao havikutakiwa kupelekwa katika hifadhi ya Dublin, vikabaki kwa mapadre, na kwa sababu hiyo vikanusurika. Ni jambo la kutafakari kwamba kanisa lililonyimwa heshima na serikali ndilo lililohifadhi majina ya watu wake. Maktaba ya Taifa ya Ayalandi ilivipiga picha vitabu hivyo katika miaka ya 1950 na 1960, na mwaka 2015 ikaziweka picha hizo katika intaneti. Vingi huishia karibu na mwaka 1880. Kuhusu mwanzo, vya miji na vya mashariki hutangulia. Vya magharibi, kulikokuwa na umaskini mwingi, mara nyingi huanza katika karne ya 19.

Ingizo la ubatizo kwa kawaida huwa na tarehe, jina la mtoto, jina la baba, jina la mama pamoja na ukoo wake wa kuzaliwa, na majina ya wasimamizi wawili wa ubatizo. Wakati mwingine huongezwa kitongoji cha wazazi. Ingizo la ndoa hutaja maarusi na mashahidi. Maziko ya Wakatoliki hayakuandikwa mara nyingi. Mwanafunzi azingatie sana wasimamizi na mashahidi: aghalabu ni kaka, dada na majirani, nao humsaidia kutofautisha familia mbili zenye majina yaleyale.

Lugha ya vitabu hivi ni Kilatini au Kiingereza, ingawa waumini wengi walizungumza Kiayalandi. Hivyo jina la mtu lilipita katika lugha mbili au tatu kabla ya kufika kwenye karatasi. Aliyeandikwa Jacobus aliitwa nyumbani kwa jina la James, na aliyeandikwa Gulielmus alikuwa William. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani nasi tunaye Yohana ambaye kwa mwingine ni John. Majina ya ukoo nayo yalibadilika: Ó Súilleabháin akawa Sullivan, na Mac Gabhann, maana yake mwana wa mhunzi, akaandikwa McGowan na mara nyingine Smith, kwa kuwa Smith nalo ni mhunzi kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayetafuta tahajia moja tu atamkosa babu aliye mbele ya macho yake.

Vitabu vya ardhi

Kwa kuwa sensa zilipotea, watafiti wa Ayalandi hutumia vitabu viwili vya kodi badala yake.

Cha kwanza ni vitabu vya zaka, vilivyoandikwa kati ya mwaka 1823 na 1838. Wakati huo wakulima wa dini zote, Wakatoliki wakiwamo, walilazimishwa kulipa zaka kwa ajili ya Kanisa la Kianglikana. Serikali ilitaka zaka hiyo ilipwe kwa fedha, basi ikaorodhesha wenye mashamba parokia kwa parokia. Uchungu wa kodi hiyo ulizusha upinzani mkubwa katika miaka ya 1830, watu wakauawa. Leo orodha ileile iliyowakamua wakulima ndiyo inayowatambulisha kwa wajukuu wao. Hata hivyo ina upungufu: haitaji wakazi wa mijini wala vibarua wasio na shamba.

Cha pili ni Uthamini wa Griffith, uliopewa jina la Richard Griffith aliyeusimamia, na kuchapishwa kati ya mwaka 1847 na 1864. Humo kila anayekalia nyumba au shamba ametajwa kwa jina, pamoja na aliyemkodisha, maelezo ya mali, eneo la ardhi, na thamani iliyokadiriwa kwa ajili ya kodi. Kila ingizo lina namba inayolingana na alama kwenye ramani, hivyo aweza kuonyeshwa mahali hasa alipoishi mtu. Panapokuwa na watu wawili wa jina moja katika kitongoji kimoja, karani aliongeza jina la baba au lakabu.

Miaka ya vitabu hivi viwili ina maana kubwa, kwa kuwa kati yake ilipita Njaa Kuu iliyoanza mwaka 1845, ugonjwa ulipoharibu viazi ambavyo ndivyo vilikuwa chakula cha maskini. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu watu 8,175,124; ile ya mwaka 1851 ilihesabu 6,552,385. Karatasi za majina ziliungua, lakini jumla zilikuwa zimekwisha kuchapishwa. Mwanafunzi akilinganisha vitabu vya zaka na vya Griffith katika kitongoji kimoja, akaona koo tano zimekuwa mbili, ameiona njaa kwa macho yake. Asikimbilie kusema wote walikufa. Huenda walihama, walifukuzwa na kabaila, au walibaki bila ardhi.

Mfano wa Kearney unafaa tena hapa. Joseph aliondoka mwaka 1849 na Falmouth mwaka 1850. Uthamini wa kaunti yao ulichapishwa baadaye, katika miaka ya 1850. Je, kutowaona humo ni ushahidi kwamba hawakuwapo Moneygall? La. Kukosekana kwa jina huwa ushahidi pale tu jina hilo lilipopaswa kuwapo.

Jina la mahali

Ayalandi imegawanyika katika kaunti 32, na ngazi ya chini kabisa ni kitongoji. Vitongoji ni zaidi ya 60,000, na majina mengi hujirudia. Kilmore, kwa mfano, ziko nyingi. Kwa hiyo mwanafunzi aandike daima kitongoji, parokia na kaunti kwa pamoja. Aelewe pia kwamba parokia iliyotumiwa na serikali katika vitabu vya ardhi si lazima iwe sawa na parokia ya Kikatoliki. Mipaka na majina hutofautiana. Kaunti nazo zilibadilishwa majina: Moneygall iko katika kaunti iitwayo leo Offaly, lakini hati za zamani huiita King's County.

Utaratibu wa vipindi

Yapendekezwa kazi hii igawanywe katika vipindi vitatu vya dakika 40.

Kipindi cha kwanza: Mwalimu aeleze kwa ufupi habari za mwaka 1922, kisha agawe nakala za ukurasa mmoja wa kitabu cha ubatizo. Wanafunzi, wawili wawili, wajaribu kusoma maingizo matatu na kuyaandika katika jedwali lenye safu za tarehe, mtoto, baba, mama, wasimamizi na mahali. Wasipoweza kusoma neno, waache nafasi, wasibuni.

Kipindi cha pili: Kazi ya ardhi na hesabu. Vipimo vya Griffith ni ekari, rudi na pachi: rudi 4 hufanya ekari 1, na pachi 40 hufanya rudi 1. Tuseme mkulima amekadiriwa ekari 3, rudi 2 na pachi 20. Wanafunzi watapata ekari 3.625, yaani karibu hekta moja na nusu. Kisha mwalimu aweke mtego. Mkulima huyohuyo katika kitabu cha zaka ameandikwa kuwa na ekari 10, na katika kitabu cha Griffith ana ekari 16 na kidogo. Je, ametajirika? Wengi watajibu ndiyo. Ndipo mwalimu aeleze kwamba vitabu vya zaka mara nyingi vilitumia ekari ya Kiayalandi, ambayo ni ekari 1.62 za kawaida. Mtu huyo hakuongeza hata hatua moja ya ardhi. Kilichobadilika ni kipimo.

Kipindi cha tatu: Mjadala juu ya umri. Mwalimu abuni mwanamke aliyesema katika sensa ya mwaka 1901 kwamba ana miaka 55, na katika sensa ya mwaka 1911 akasema ana miaka 70. Wanafunzi wataje sababu. Baada ya kuwasikiliza, aeleze kwamba tangu Januari 1909 serikali ilianza kuwalipa wazee maskini waliofikia miaka 70 pensheni isiyozidi shilingi 5 kwa wiki. Wazee waliozaliwa kabla ya mwaka 1864 hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na wengi hawakujua umri wao hasa. Huenda mwanamke huyu alidanganya mwaka 1911. Huenda pia alikuwa amejipunguzia mwaka 1901. Ili kuthibitisha umri, maombi yalipelekwa Dublin, na makarani wakafungua sensa za mwaka 1841 na 1851 kumtafuta mwombaji akiwa mtoto nyumbani kwa wazazi wake. Sensa hizo ziliungua miaka michache baadaye, lakini karatasi nyingi za maombi zilisalia, na juu yake majibu ya makarani. Hivyo haja ya mzee kupata shilingi 5 iliokoa majina ya baba, mama na ndugu zake ambayo taifa zima lilikuwa limeyapoteza.

Kupima ushahidi

Baada ya vipindi hivi mwanafunzi atakuwa na vipande vingi, na kishawishi chake kitakuwa kuviunganisha haraka. Mwalimu amfundishe kutumia maneno matatu na kuyaandika kando ya kila kiungo cha nasaba: yakini, yamkini na dhana. Ni yakini pale hati mbili zisizotegemeana zinapokubaliana bila pingamizi. Ni yamkini pale hati moja inaposema na hakuna inayoipinga. Ni dhana pale tunapoona kufanana kwa jina na mahali tu. Nasaba yenye dhana tatu zilizokiriwa ina thamani kuliko ndefu ambayo kila ngazi yake imeitwa yakini.

Katika kusahihisha, mwalimu atoe alama kwa uzito wa hoja. Mwanafunzi aliyeandika, "Nimemfikia babu wa pili, na hapa ushahidi umekwisha," akaeleza kwa nini, astahili alama zaidi ya yule aliyefika karne ya 17 kwa kurukaruka.

Wasiotajwa

Kuna somo moja ambalo mwalimu asiliache. Vitabu vya ardhi vinamtaja aliyeshika ardhi, na mara nyingi ni mwanamume. Mke huonekana akiwa mjane. Kibarua aliyelala katika kibanda cha udongo pembezoni mwa shamba la mwingine huenda asionekane popote isipokuwa katika mstari mmoja wa kitabu cha ubatizo, siku alipompeleka mwanawe kanisani. Darasa liulizwe: hati hizi ziliandikwa na nani, kwa faida ya nani, na nani hakuhesabiwa? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo juu ya Ayalandi atauliza vivyo hivyo juu ya daftari za kodi ya kichwa za wakoloni katika Afrika Mashariki, na juu ya kila takwimu atakayosomewa maishani.

Hitimisho

Mwalimu atakayejaribu mpango huu hahitaji zana nyingi: nakala za kurasa nne au tano, ramani moja, ubao na subira. Wanafunzi wakishaizoea mbinu, wanaweza kuongozwa kwa hiari yao, na kwa idhini ya wahusika, kutazama hati za mahali pao: vitabu vya parokia za misheni kongwe, rejesta za zamani za shule, hati za mashamba. Watakapovifikia, wavishike kwa mikono safi, wasiandike juu yake, na wavirudishe mahali walipovikuta. Mwaka 2022, miaka 100 baada ya moto wa Dublin, wataalamu wa Ayalandi walifungua katika intaneti hazina ya nakala zilizokusanywa kutoka maktaba na hifadhi za nchi nyingi, ili kujaza baadhi ya mapengo ya mwaka 1922. Nakala hizo zilipatikana kwa sababu watu waliotangulia, kila mmoja kwa haja yake, waliketi wakanakili kurasa chache kwa mkono na kuzihifadhi. Mwalimu anayewafundisha watoto wake kunakili kwa usahihi, kutaja mahali walipopata habari, na kuacha nafasi wazi pale wasipojua, anawaandaa kwa kazi ya namna hiyo.